Kompyuta moja, makapita watatu

Katika kiwanda kikubwa wako watu wengi wenye nguvu, lakini asubuhi hawaanzi kazi mpaka kapita afike. Kapita ndiye ajuaye nani abebe na nani achimbe. Ufunguo wa ghala anao yeye. Kapita asipokuja, mikono mia moja hukaa bure kando ya ukuta.

Kompyuta, ambayo watu wengi wa Kongo huiita ordinatere, ni kama kiwanda hicho. Ndani yake mna prosesa inayohesabu, mna kumbukumbu inayoshika mambo kwa muda, mna diski inayoyatunza hata umeme ukizimwa, na nje kuna kioo cha kuonyesha. Vyombo hivyo vyote vina nguvu, lakini havijui kazi yao mpaka programu moja ianze kuvisimamia. Programu hiyo jina lake ni mfumo wa uendeshaji. Jina ni refu. Katika somo hili itaitwa kapita.

Makapita wa kompyuta ni wengi, tena kila mmoja ana umri wake. MS-DOS alizaliwa mwaka 1981 pamoja na kompyuta ndogo ya kampuni ya IBM ya Marekani. Alikua, akabadilishwa mara nyingi, na toleo lake la 6.22 lilitoka mwaka 1994. Windows 98 alitoka mwaka 1998, na mwaka 1999 likafuata toleo lake la pili, lililo bora. Windows XP alitoka mwaka 2001. Wote watatu wamestaafu. Kampuni ya Microsoft, iliyowatengeneza, iliacha kumtunza Windows 98 mwaka 2006 na Windows XP mwaka 2014.

Sasa fikirini jambo hili. Mtu anafungua sanduku la zamani na kukuta disketi yenye mchezo wa mwaka 1990. Afanye nini nayo? Kompyuta mpya haina mlango wa kutia disketi. Hata akipata njia ya kuunakili mchezo, Windows 11 wa mwaka 2021 atakataa kuuendesha, kwa sababu yeye hapokei tena programu zilizoandikwa kwa hesabu ya biti 16. Mchezo haukuoza. Maneno yake yote yamo, herufi kwa herufi. Lakini kapita aliyekuwa akiuelewa hayupo, na yule mpya hajui lugha ya babu yake.

Ndiyo maana katika Ulaya, Marekani na nchi nyingine wako mafundi wanaokusanya vyombo vya zamani na kujenga kompyuta moja ambamo makapita kadhaa wa zamani wanakaa pamoja. Asubuhi fundi anamwita mmoja. Jioni anamzima na kumwita mwingine. Kazi hiyo si ngumu kama kujenga daraja, lakini haipendi haraka.

Kwanza fundi anachagua ubao mkuu. Huo ni ubao mpana wa ndani, ambao vyombo vyote vimechomekwa juu yake. Hapa umri ndio unaotazamwa. Ubao ukiwa mzee mno, Windows XP atakataa kukaa juu yake. Ukiwa mpya mno, hauna tena tundu refu la aina ya ISA, na bila tundu hilo kadi za sauti za zamani hazina mahali pa kuingia. Basi fundi hutafuta ubao wa umri wa kati. Unaopendwa sana ni ule wenye chipu za Intel ziitwazo 440BX, za mwaka 1998. Ubao wa namna hiyo unapokea prosesa ya Pentium II na Pentium III, na mara nyingi una matundu ya namna tatu: ISA kwa vyombo vya wazee, PCI kwa vya vijana, na AGP kwa kadi ya picha.

Juu yake fundi anaweka prosesa ya Pentium III ya megaherzi 500, iliyotoka mwaka 1999, na kumbukumbu ya megabaiti 256. Mtu atasema: kwa nini asiweke kumbukumbu nyingi zaidi, maana siku hizi ni za bei ndogo? Kwa sababu Windows 98 akipewa zaidi ya megabaiti 512 huanza kuchanganyikiwa, na mara nyingine hasimami kabisa. Ni kama mpishi wa kijijini aliyekabidhiwa jikoni ya hospitali. Kadi ya picha ni Voodoo3 ya mwaka 1999, ya kampuni ya 3dfx. Kampuni hiyo ilikufa. Mwisho wa mwaka 2000 mali yake ilinunuliwa na Nvidia. Lakini michezo mingi ya wakati ule iliandikwa kwa lugha ya kadi hizo, iitwayo Glide, na kadi za makampuni mengine haziijui. Kadi ya sauti ni Sound Blaster 16, iliyotengenezwa na kampuni ya Creative ya Singapore tangu mwaka 1992.

Watoto wa Katanga na wa Maniema wakiushika ubao huo wataona vitu wanavyovijua. Njia nyembamba zinazong'aa ni za shaba. Matone yanayoshikamanisha vyombo yana bati ndani yake. Na vile vidonge vidogo vya rangi ya manjano, mara nyingi vina tantali, madini yanayopatikana katika koltani kama ile ya Kivu.

Ubao wa miaka zaidi ya 20 haufai kuwashwa mara tu unapofika. Fundi anauweka juu ya meza safi na kuutazama pole pole. Anapiga vumbi kwa brashi laini. Anatazama betri ndogo ya duara, iliyo kama sarafu, ya volti 3. Betri hiyo inatunza saa na kumbukumbu ya mipango umeme ukiwa umezimwa. Ikiwa imekufa, anaibadili, haigharimu sana. Katika ubao wa zamani zaidi, wa miaka ya mwisho ya 1980, betri ni ya namna nyingine: pipa dogo lililoshikizwa kwa bati, lenye dawa kali ndani. Pipa hilo likipasuka, dawa inamwagika na kula njia za shaba, na ubao mzima unapotea. Wengi wamepotea hivyo, ndani ya masanduku yaliyofungwa vizuri, bila mtu kuwagusa.

Kisha anatazama kapasita, yaani vile vipipa vidogo vilivyosimama wima. Kichwa cha kila kimoja sharti kiwe bapa. Kikiwa kimevimba, au kikitoa maji ya kahawia, kimekufa, na sharti kitolewe kwa chuma cha kulehemu na kingine kitiwe. Ubao mwingi wa miaka ya karibu na 2000 una ugonjwa huo, maana viwanda vingi vilitumia kapasita mbovu.

Liko sanduku moja ambalo mwanafunzi hafungui kamwe: sanduku la umeme. Hata likiwa limechomolewa ukutani, ndani yake umeme unaweza kubaki kwa muda, tena umeme wa kuua. Likiharibika, linatupwa na kuletwa jingine. Na kabla ya kushika ubao, fundi hugusa chuma cha boma la kompyuta, ili umeme mdogo ulio katika mwili wake uende zake. Mtu hausikii umeme huo, lakini chipu inausikia.

Sasa diski. Diski za zamani zilikuwa na sahani za chuma zinazozunguka kwa kelele, na nyingi zimekwisha kuchoka. Mafundi wengi huweka badala yake kadi ndogo ya CompactFlash, ile iliyotumiwa katika kamera, na kuiunga kwa kipande cha kubadilisha miguu. Kadi hiyo inasema lugha ile ile ya diski za zamani, basi kompyuta haitambui tofauti. Ukubwa wake usipite gigabaiti 32, kwa maana baadhi ya kompyuta za mwaka 1998 na 1999 zikikutana na diski kubwa kuliko hiyo husimama palepale, hata neno moja haziandiki.

Kama kompyuta imekuja na diski yake ya zamani, fundi mwema haigusi kwanza. Ndani yake mnaweza kuwa na barua za mama aliyekufa, hesabu za duka, picha za ubatizo wa mtoto ambaye sasa ni mtu mzima. Diski ile inanakiliwa yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na nakala inawekwa mahali pengine. Ndipo kazi inaanza. Programu ya FDISK, ambayo hugawa diski, inafanya kazi yake kwa muda mfupi sana, na haina huruma. Mtu akibonyeza namba ya diski isiyo yake, ramani ya mali yote imekwisha kufutwa kabla hajavuta pumzi.

Ili kuelewa jinsi makapita watatu wanavyokaa katika diski moja, sharti kujua jinsi kompyuta inavyoamka.

Fundi akibonyeza kitufe, prosesa inaanza kusoma programu ndogo iliyoandikwa katika chipu ya ubao mkuu. Programu hiyo huitwa BIOS. BIOS ni mlinzi wa usiku. Anazunguka na kuona kama kumbukumbu ipo, kama kibodi ipo, kama kadi ya picha inaitika. Akimaliza, anakwenda kwenye diski na kusoma kipande cha kwanza kabisa, sekta ya kwanza. Hasomi zaidi. Sekta hiyo ina baiti 512 tu. Maneno yake yangeweza kuingia katika nusu ukurasa wa daftari.

Katika nusu ukurasa huo mna mambo matatu. Baiti 446 za mwanzo ni amri za kuanzia. Baiti 64 zinazofuata ni orodha ya viwanja vya diski. Baiti 2 za mwisho ni muhuri, unaoonyesha kwamba sekta ni halali. Orodha ya viwanja ina mistari minne, kila mstari baiti 16. Ndiyo maana diski ya namna hiyo haiwezi kuwa na viwanja vikuu zaidi ya vinne.

Kiwanja cha diski ni kama lupango wa Lubumbashi: kina mwanzo na mwisho, na jirani haingii bila ruhusa. Kila mstari wa orodha unasema kiwanja kinaanza wapi, kina ukubwa gani, ni cha aina gani, tena kama ndicho cha kuamshwa. Katika mistari minne, mmoja tu hutiwa alama ya kuamshwa. Amri za sekta ya kwanza hutafuta alama hiyo, huenda katika kiwanja chenye alama, na kumwita kapita aliye ndani yake.

Sasa mnaona shida iko wapi. Kila kapita aliandikwa na watu waliofikiri kwamba yeye atakuwa peke yake. Hakuna aliyemfundisha kubisha hodi.

Fundi wa mfano wetu ana diski ya gigabaiti 32. Anaigawa hivi: gigabaiti 2 kwa MS-DOS, 12 kwa Windows 98, na 16 kwa Windows XP. Zinabaki 2, anaziacha wazi. FDISK ya MS-DOS haikubali kufanya viwanja vikuu vitatu, kwa hiyo yeye hutumia programu nyingine ya kugawia diski, kama zile zinazokuja na Linux.

Kwa nini MS-DOS apewe 2 tu? Si ubahili. MS-DOS huweka hesabu ya diski kwa njia iitwayo FAT16. Anakata kiwanja chake katika vifungu, na hawezi kuhesabu vifungu zaidi ya karibu 65 500. Kila kifungu hakipiti kilobaiti 32. Zidisheni, mtapata gigabaiti 2 hivi. Akipewa shamba kubwa zaidi, hana namba za kulihesabia. Tena michezo ya wakati wake ilikuwa midogo. Mingi iliingia katika disketi chache za megabaiti 1.44. Gigabaiti 2 kwake ni utajiri.

Windows 98 anajua njia ya FAT32, iliyoanza mwaka 1996. MS-DOS 6.22 haijui, kwani ilizaliwa baada yake. Akitazama kiwanja cha Windows 98 haoni kitu. Windows XP anapenda njia ya NTFS, lakini anasoma pia FAT16 na FAT32. Basi kijana anaweza kuingia katika nyumba za wazee wake wote wawili, lakini wao hawaoni yake. Hilo lina faida kubwa. Windows XP hutambua mara moja kijiti cha USB, kazi ambayo Windows 98 haiwezi bila kuongezewa programu maalumu, na ambayo MS-DOS haijui hata jina lake. Kwa hiyo mafundi wengi humweka Windows XP si kwa ajili ya michezo yake, bali awe mchukuzi: anapokea mafaili kutoka nje na kuyapeleka katika viwanja vya wenzake. Yeye pia ndiye anayetengeneza nakala za akiba.

Makapita huingizwa kwa kufuata umri: kwanza MS-DOS, pili Windows 98, mwisho Windows XP. Sheria hii haitoki katika heshima ya wazee, ingawa inafanana nayo. Sababu yake ni kwamba kapita wa mwaka 2001 anawajua waliomtangulia, na wa mwaka 1999 hawezi kumjua aliyezaliwa baadaye. Windows XP akikuta kapita mzee katika kiwanja kile kile cha kuamshwa, hutunza sekta yake ya kuanzia katika faili liitwalo BOOTSECT.DOS, na kila asubuhi humwuliza mtu: wataka nani? Windows 98 hana adabu hiyo. Akiingizwa, huandika upya sekta ya kwanza kwa mkono wake bila kuuliza. Anayemwingiza mwisho ataona wengine wametoweka. Kwa kweli hawakutoweka. Wamo katika viwanja vyao, ila mlango wao umepigwa misumari.

Hata kwa kufuata umri, fundi mwangalifu hawaachi makapita watatu waonane wakati wa kuingizwa. Anaficha viwanja. Kuficha ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Katika mstari wa orodha mna namba ya aina ya kiwanja. Kiwanja cha FAT16 kina namba 06. Ikigeuzwa kuwa 16, kapita mwingine anapita bila kukiona. FAT32 ina namba 0C. Ikigeuzwa 1C, nayo imefichwa. Mali iliyo ndani haikuguswa hata chembe. Ni kibao cha mlangoni tu kilichogeuzwa. Akitaka kukifichua, anarudisha namba ya kwanza.

Kwa hiyo anapoingiza Windows 98, kiwanja cha MS-DOS kimefichwa na alama ya kuamshwa iko kwa Windows 98. Anapomwingiza Windows XP, viwanja vya wazee wote wawili vimefichwa. Kila mmoja anaamka, anajiona peke yake, na kujiita bwana wa diski C. Mwisho kabisa, wote wakiwa ndani, fundi anaweka bawabu katika sekta ya kwanza. Bawabu huyo ni programu ndogo, na mojawapo inayojulikana sana ni GRUB, itumiwayo na Linux. Kwa kuwa baiti 446 hazitoshi maneno yake yote, ile sekta inashika mwanzo tu, na mengine husomwa kutoka mahali pengine pa diski. GRUB inaonyesha orodha juu ya kioo, inangoja jibu, inaficha viwanja visivyotakiwa, inatia alama palipotakiwa, kisha inajiondoa. Bawabu sharti awekwe mwisho. Akiwekwa kabla ya Windows 98, atafutwa kama wengine.

Makapita wakisha kukaa, michezo bado ina maneno yake ya kusema.

Jambo la kwanza ni mwendo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya megaherzi 4.77. Ile ya fundi ina 500, zaidi ya mara 100. Waandishi wengine wa michezo ya zamani hawakutumia saa. Walitaka meli isogee kidogo, wakaiambia prosesa ihesabu hadi namba fulani kisha isogeze tena. Katika mashine ya polepole hesabu hiyo ilichukua muda wa kutosha. Katika mashine ya haraka inakwisha mara. Mchezo wa Wing Commander, wa mwaka 1990, ukiendeshwa juu ya kompyuta kama hii, vyombo vya angani hupita kama nyuki na mchezaji hufa kabla ya kuona adui.

Programu nyingine hazianzi kabisa, na sababu yake inafundisha. Nyingi ziliandikwa kwa Turbo Pascal, lugha ya kampuni ya Borland. Zikianza, hupima kwanza nguvu ya prosesa: zinahesabu mizunguko mingapi inapita katika milisekunde 55, kisha zinagawanya kwa 55 zipate mizunguko ya milisekunde moja. Jibu huwekwa katika nafasi ya biti 16, na nafasi hiyo haipokei namba kubwa kuliko 65 535. Siku programu zilipoandikwa, hakuna prosesa iliyokaribia namba hiyo. Prosesa zilipofika megaherzi 200 na zaidi, jibu lilifurika kama maji katika kikombe kidogo, na programu ikaanguka ikiandika kosa namba 200, kwamba imegawanya kwa sifuri. Hakuna sifuri yoyote mahali pale. Masikini programu haikuwa na neno jingine la kueleza msiba wake.

Dawa iko. Ndani ya prosesa mna kumbukumbu ndogo ya haraka sana, iitwayo kache. Fundi anaingia katika BIOS na kuizima. Bila kache prosesa sharti iende kila mara mpaka kumbukumbu kubwa iliyo mbali, na mwendo wake unashuka karibu na ule wa prosesa za 386 za miaka ya 1980. Meli za Wing Commander zinarudi kuwa meli. Akitaka kucheza mchezo wa mwaka 1999, anaiwasha tena.

Jambo la pili ni sauti. Katika MS-DOS, mchezo wenyewe huongea na kadi ya sauti, kapita hasaidii. Kwa hiyo mchezo sharti ujue kadi inakaa mlango gani. Fundi anaandika mstari huu katika faili la AUTOEXEC.BAT:

SET BLASTER=A220 I5 D1

A220 ni anwani ya kadi. I5 ni kengele namba 5, ambayo kadi hupiga ikitaka kusikilizwa. D1 ni njia namba 1, ambayo sauti hupita kutoka kumbukumbu bila kumsumbua prosesa. Kama kadi nyingine imeshika kengele 5, michezo itanyamaza au kusimama, na fundi atatumia alasiri nzima akitafuta nani anagombana na nani.

La tatu ni kumbukumbu. Prosesa ya mwaka 1981 iliweza kuona kilobaiti 1 024 tu. IBM ilitoa 640 kwa programu na kuweka 384 kwa picha na BIOS. Mpaka huo ulibaki katika MS-DOS maisha yake yote. Kompyuta ina megabaiti 256, lakini mchezo bado unalia kwamba umenyimwa nafasi katika zile kilobaiti 640. Fundi huwahamisha wasaidizi wa kapita, amri baada ya amri, waende juu ya mpaka, mpaka nafasi ipatikane.

Mtu anaweza kuuliza kama taabu hii yote ni ya lazima. Kwa kucheza tu, si lazima. Tangu mwaka 2002 iko programu ya DOSBox, inayoiga kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya, na ni ya bure. Shule yenye kompyuta moja itumie hiyo. Na asiye na MS-DOS halali asiibe: Jim Hall, akiwa bado mwanafunzi huko Marekani, alianza mwaka 1994 kazi ya FreeDOS, kapita wa bure anayefahamu karibu kila neno la MS-DOS. Sehemu ya kwanza ya mchezo wa Doom, wa mwaka 1993, ilitolewa watu waigawe bure, nayo yaendeshwa na FreeDOS bila shida. Lakini DOSBox haionyeshi mtoto sekta ya kwanza iko wapi, wala kengele namba 5 ni kitu gani. Vitu hivyo hujulikana kwa mikono.

Siku ya kwanza ya kuwasha, fundi haifungi boma. Feni inazunguka. BIOS inahesabu kumbukumbu, namba zikipanda mbio kwenye kioo cheusi mpaka megabaiti 256. Taa ya diski inawaka kidogo. Kisha mistari mitatu inatokea: MS-DOS, Windows 98, Windows XP. Fundi anashusha kidole juu ya mshale, anachagua wa kwanza, na baada ya sekunde chache zinatokea herufi C na alama ya kungoja amri. Disketi ya mwaka 1990 iko mezani, karibu na mkono wake. Anaitia mlangoni.

Maswali

1. Kapita wa kompyuta hufanya kazi gani?
2. Sekta ya kwanza ina baiti 512. Toeni 446, kisha 64. Zimebaki ngapi, na ni za nini?
3. Kwa nini kiwanja cha MS-DOS hakipiti gigabaiti 2?
4. Mtu amemwingiza Windows XP kwanza, kisha Windows 98. Ataona nini akiwasha kompyuta? Mali yake imepotea?
5. Programu imehesabu mizunguko 5 500 000 katika milisekunde 55. Gawanyeni kwa 55. Je, jibu linaingia katika biti 16?
6. Jirani analeta kompyuta ya marehemu baba yake na kusema, «Futa yote, utie michezo.» Fundi afanye nini kwanza?